Kinini, artemisia na maneno tunayoambiana Bukavu

Sokoni Kadutu, hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, kwenye meza ya mama anayeuza dawa za kienyeji, utakuta mafungu ya muravumba na mubirizi, magome makavu, mizizi iliyofungwa kwa kamba ya mgomba, na chupa za maji zilizojazwa upya juisi nyeusi isiyo na jina wala tarehe. Maneno mengi kuhusu miti ya dawa huanzia hapo na kupanda nasi hadi nyumbani. Mengine ni ya kweli. Mengine yanatugharimu watoto, na hayo ndiyo ninayoyajibu.

«Dawa ya hospitali ni ya Wazungu, yetu sisi ni ya miti»

Neno hili linashangaza likisemwa Bukavu, mji wenye kiwanda cha Pharmakina, ambacho kwa miaka mingi kimetoa kinini, dawa ya malaria, kwenye magome ya mikinkina ya milima ya Kivu. Kinini hupatikana hivi: gome hukaushwa na kusagwa, unga wake huchanganywa na chokaa ili kinini iachane na gome, kisha huvutwa kwa kiyeyusho na kupitishwa kwenye asidi ya salfa, mpaka fuwele nyeupe zigande. Wafaransa wawili, Pierre-Joseph Pelletier na Joseph Caventou, ndio waliotangulia kuitenga, mwaka 1820. Mofini, dawa ya maumivu makali, nayo hutoka kwenye afyuni. Vinkristini, inayotibu saratani ya damu ya watoto, hutoka kwenye ua la Madagaska ambalo watu wengi wamelipanda mbele ya nyumba kwa urembo tu.

Wengine huongeza kwamba mkinkina ni mti wa mababu zetu. Hapana, asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, na ulifika Kivu wakati wa ukoloni wa Kibelgiji. Mbegu za aina yenye kinini nyingi kuliko zote zilitolewa Bolivia kwa siri miaka ya 1860 na Manuel Incra Mamani, aliyekuwa akimfanyia kazi mfanyabiashara Mwingereza, Charles Ledger. Mamani alikamatwa, akapigwa, akafa. Waholanzi walizipanda Java wakatajirika. Kwa hiyo anayelalamika kwamba mali na elimu ya miti huchukuliwa bila wenyewe kupata kitu, ana haki kabisa, na ndiyo sababu mwaka 2010 mataifa yalikubaliana Itifaki ya Nagoya kuhusu kugawana faida.

«Kunywa chai ya artemisia ni sawa na kumeza vidonge»

Hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu linasemwa na watu wema, makanisani na hata shuleni.

Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria. Tu Youyou, mtaalamu wa dawa, alipekua vitabu vya kale pamoja na wenzake, na katika kimoja cha karne ya 4 alikuta mganga Ge Hong akielekeza hivi juu ya mmea huo wa artemisia: loweka konzi ya majani katika maji, kamua, kunywa. Kilichomgusa ni kwamba hakuna kuchemsha. Akahisi kwamba moto huenda unaiharibu dawa, akabadili njia, akatumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi 35 tu. Mwaka 1971 dondoo yake iliua vimelea vyote kwa panya. Kabla ya kuwapa wagonjwa, yeye na wenzake waliinywa kwanza wao wenyewe. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Sasa tazama tunachofanya sisi: tunachemsha majani, ndani ya maji, wakati artemisinini, yaani dawa yenyewe iliyomo kwenye jani, haiyeyuki vizuri ndani ya maji. Tena kiasi chake kwenye jani hubadilika kufuatana na mbegu, udongo, wakati wa kuvuna na namna ya kukausha. Kikombe cha leo na cha kesho vinaweza kutofautiana sana, na hakuna jicho linaloweza kuona tofauti hiyo. Hata artemisinini ya vidonge huondoka mwilini kwa saa chache, ndiyo maana huunganishwa na dawa nyingine inayokaa muda mrefu, kama lumefantrini au amodiakwini. Chai haina mwenza huyo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba haliungi mkono matumizi ya artemisia isiyotengenezwa kuwa dawa, iwe ni kwa kutibu au kwa kukinga malaria.

Dozi pungufu huwaacha hai vimelea vigumu. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba Rwanda, ng'ambo yetu ya Ruzizi, kuna vimelea vyenye mabadiliko ya jeni yanayovifanya vife polepole mbele ya artemisinini. Sisemi chai ndiyo iliyovileta. Nasema dawa hii ndiyo tegemeo letu dhidi ya palu, yaani malaria, na hatuna ruhusa ya kuichezea.

«Mimi niliinywa, nikapona»

Nakuamini. Lakini mtu mzima aliyekulia kwenye malaria ana kinga kiasi: homa inaweza kushuka yenyewe huku vimelea vikibaki kwenye damu. Mtoto wa miaka miwili hana kinga hiyo. Mkaaji wa Bukavu, kwenye mita 1,500 na mbu wachache, naye huwa na kinga ndogo akishuka Uvira au Kamituga.

«Cha asili hakidhuru»

Kinini yenyewe ni ya asili, na ikizidi huleta mlio masikioni, hushusha sukari ya damu na kuvuruga mapigo ya moyo. Huko Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu wapatao 100, wengi wao wanawake, waliharibika figo baada ya kumeza dawa za mitishamba za kupunguza unene. Mmea mmoja wa Kichina ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye jina linalofanana, aristolokia. Baadaye baadhi yao walipata saratani ya njia ya mkojo.

Ndiyo maana kazi ya kuchosha ya kukausha tawi, kulibandika kwenye karatasi na kuandika lilikotoka, kama inavyofanyika kwenye hebariamu (ghala la mimea iliyokaushwa) ya kituo cha utafiti cha Lwiro, ni sehemu ya usalama wa mgonjwa. Utafiti wowote wa dawa unaanzia kwenye swali hili: huu ni mmea gani hasa? Ile chupa isiyo na jina haiwezi kulijibu.

«Majaribio ya dawa ni kutufanya panya»

Hofu hii ina mizizi katika historia, na mtafiti asiyeomba ridhaa kwa lugha anayoielewa mgonjwa anastahili kukataliwa. Lakini bila majaribio tungekuwa tunajua nini? Kwa vizazi vingi, malaria kali ilitibiwa kwa kinini, na sisi watu wa Kivu tulikuwa na sababu ya kujivunia. Kisha watafiti wakailinganisha na atesuneti ya sindano, inayotokana na artemisinini, kwa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Kongo yetu na Rwanda zikiwemo. Matokeo yalitoka mwaka 2010: waliopewa kinini, walikufa 10.9 kwa kila 100. Waliopewa atesuneti, 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza atesuneti kwa watoto wenye malaria kali.

Tofauti hiyo ni zaidi ya watoto 2 katika kila 100. Daktari mmoja mmoja wodini asingeweza kuiona kwa macho, hata angefanya kazi miaka 20. Basi mtoto wako akilazwa kwa malaria kali, uliza kama atesuneti ipo. Na kama umempa chai au juisi yoyote ya majani kabla ya kufika, mwambie muuguzi mapema, utaje na mmea. Asipokuuliza, mwambie tu.