Wekundu wa Rotala macrandra hauletwi na chuma peke yake

Mmea huu mwekundu wa tangi la samaki, wenye asili ya kusini mwa India, ukianza kupauka, wengi hukimbilia kumwaga mbolea ya chuma tangini. Chuma unakihitaji kweli, lakini takriban miligramu 0.1 kwa lita inatosha. Upungufu wake hujionyesha kwenye majani machanga: yanageuka manjano huku mishipa ikibaki ya kijani. Kama huoni dalili hiyo, chuma cha ziada hakitasaidia.

Rangi nyekundu ni anthosianini, kemikali ya rangi ya mimea, na mmea huitengeneza zaidi ukipata mwanga mkali na naitreti (chakula cha mimea chenye nitrojeni) kidogo. Lenga naitreti ya miligramu 5 hadi 10 kwa lita, usiishushe hadi sifuri. Mwanga huo nao unadai kabonidioksaidi ya kutosha, karibu miligramu 30 kwa lita. Fungulia gesi saa moja au mbili kabla ya kuwasha taa, la sivyo ncha za mmea hudumaa na mwani huvamia. Samaki wakihema juu ya maji, punguza gesi mara moja.

Majani ya chini yakidondoka, mara nyingi ni kivuli: mashina yamesongamana. Kata ncha za sentimita 10, zipande mojamoja kwa nafasi, bila kubana shina, maana hupondeka upesi na kuoza.