Potasiamu na umeme wa mwili, wapi na wapi?

Mama mmoja wa Majengo, Moshi, ameuliza: "Niliharisha siku tatu, miguu ikaisha nguvu hata ngazi zikanishinda. Nikaambiwa potasiamu imeshuka, umeme wa mwili umeyumba. Umeme gani huo?"

Kwani neva, ule uzi unaopeleka amri kwenye misuli, ikitulia nayo ina umeme?
Inao. Ndani ya seli ni hasi kuliko nje, kwa milivolti 70 hivi. Betri moja ya tochi ina 1,500.

Unatoka wapi?
Ndani ya seli kumejaa potasiamu, nje kumejaa sodiamu. Seli ikitulia, utando wake una vijitundu vinavyovujisha potasiamu, huku milango mingi ya sodiamu ikiwa imefungwa. Potasiamu ina chaji chanya, kwa hiyo kila chembe ikitoka, ndani kunabaki hasi zaidi. Uhasi ukizidi, unaanza kuivuta irudi. Mvutano huo ukikaribia kutoshana nguvu, ndiyo hiyo 70.

Mbona haivuji ikaisha?
Kuna pampu kwenye utando. Ichukulie kama daladala ya Kiboriloni: kila safari inatoa nje abiria watatu wa sodiamu, inarudi na wawili wa potasiamu. Mafuta yake ni nishati ya chakula, hata ule mtori wa asubuhi. Jens Christian Skou wa Denmark aliieleza mwaka 1957. Tuzo ya Nobel akaja kuipata 1997, uvumilivu huo! Wengi hudhani pampu ndiyo inayozalisha umeme wote. Sivyo. Yenyewe huchangia milivolti chache tu; kazi yake kubwa ni kuhakikisha potasiamu haikauki ndani wala sodiamu haifuriki.

Na miguu yangu?
Seli za misuli nazo zina chaji ya namna hii. Kuharisha kunamwaga potasiamu. Ikipungua nje ya seli, ya ndani inapata msukumo zaidi wa kutoka, ndani kunazidi kuwa hasi, na amri ya neva inashindwa kuuamsha msuli.

Basi nile ndizi kwa wingi?
Zina potasiamu, na kama figo zako ni nzima, kula mtori wako. Mwenye ugonjwa wa figo asijipimie mwenyewe: potasiamu ikizidi inaweza kusimamisha moyo. Ndiyo maana hata ile ya dripu hupitishwa polepole, ndugu wa mgonjwa wakilalamika vipi.