Ejenti ya monitaringi kwenye seva ya Linux ni kitu gani, na mbona ukishaiweka haileti data

Ukianza kazi za seva utasikia watu wanakwambia "weka ejenti kwanza" na unaweza kudhani ni mfumo mkubwa sana, kumbe ni programu ndogo tu inayokaa ndani ya mashine muda wote, kazi yake kusoma hali ya mashine hiyo, prosesa imeelemewa kiasi gani, memori imebaki ngapi, diski imejaa mpaka wapi, huduma fulani ipo hai au imekufa, halafu hizo namba zinaenda kwenye seva nyingine ambayo inakusanya taarifa za mashine zako zote. Hiyo seva ya pili ndo yenye grafu na ndo inayokutumia meseji usiku wa manane. Ejenti yenyewe haina grafu na haijui kama diski kujaa asilimia 95 ni habari mbaya, inatoa namba basi, kuamua ni kazi ya kule kwenye seva kuu.

Naanza na hilo kwa sababu watu wanafungua faili la konfigi la ejenti wanatafuta sehemu ya kuandika "diski ikifika 90 niambie" na hawaioni, wanahangaika bure. Kwenye Zabbix, mmoja wa mifumo ya monitaringi, hiyo inaandikwa kwenye seva kuu. Kwenye Nagios, mfumo mwingine, ukitumia NRPE (ejenti yake) ni tofauti kidogo, pale viwango vya onyo na vya hatari mara nyingi unaviandika kwenye mashine yenyewe ndani ya nrpe.cfg, na jibu linarudi likiwa limeshaamuliwa, 0 ni salama, 1 onyo, 2 hatari, 3 haijulikani. Kwa hiyo kabla hujagusa chochote jua mfumo wako unaamulia wapi.

Swali ambalo huwa linakuja ni mbona nisipige ping tu kutoka nje, nikiona inajibu si seva ipo hai? Ping inajibiwa na kerneli, yaani kiini cha Linux, moja kwa moja, haipiti kwenye programu zako kabisa, kwa hiyo databesi inaweza kuwa imekufa na diski imejaa hadi mwisho na ping bado inarudi vizuri kama hakuna kilichotokea. Kucheki kutoka nje kunakwambia mlango unafunguka, yaliyo ndani huyaoni, na ndo maana ejenti inakaa ndani.

Inazipata wapi namba? Hamna maajabu, nyingi inazisoma kwenye /proc, folda ambayo kerneli inaonyeshea hali ya mashine, ambayo na wewe unaweza kuisoma sasa hivi. Andika cat /proc/loadavg utaona namba tatu za mwanzo, wastani wa dakika 1, dakika 5 na dakika 15. Hapa inabidi niseme kitu maana naona watu wanaogopa bila sababu au wanakosa kuogopa pale panapostahili: kwenye Linux hiyo namba, inayoitwa load, haihesabu prosesa peke yake, inahesabu pia kazi zilizokwama zikisubiri diski. Kwa hiyo mashine yenye kori 4 ikionyesha 12 haimaanishi prosesa ndo imechoka, inawezekana prosesa imekaa tu haina la kufanya na diski ndo imekaba kila mtu. Usiweke tahadhari kwenye load peke yake, iangalie pamoja na muda ambao prosesa inasubiri diski, ile iowait.

Memori nayo ina mtego wake. Ukifungua /proc/meminfo kuna MemFree na kuna MemAvailable, na ni vitu viwili tofauti kabisa. Linux ikiona memori imekaa bure inaitumia kuwekea keshi ya mafaili, kwa hiyo MemFree karibu siku zote itakuwa ndogo na hiyo sio shida hata kidogo, programu ikihitaji memori keshi inaachia. MemAvailable iliongezwa kwenye kerneli 3.14 mwaka 2014 kwa sababu hiyo hiyo, inakupa makadirio ya memori ambayo programu mpya inaweza kuipata bila mashine kuanza kutumia swapu (sehemu ya diski inayosaidia memori). Ukiweka tahadhari kwenye MemFree utapigiwa kelele kila siku, na baada ya wiki utaanza kuzipuuza meseji zote hata zile za kweli, hilo ndo baya zaidi. Na kwenye diski usiangalie nafasi peke yake, angalia na inodi (nafasi za kusajilia mafaili, kila faili linachukua moja), komandi ni df -i, maana seva yenye mafaili madogo madogo mengi inaweza kukwambia diski imejaa wakati df -h inaonyesha nusu ipo tupu.

Sasa tuje kwenye konfigi, na hapa ndo penyewe. Karibu kila mtu anayekwama amekwama kwenye jambo moja, hajajua nani anaanza kumtafuta mwenzake. Ni kama simu, kuna anayepiga na kuna anayepokea, na ukikosea hapo unaweza kuhangaika na fayawoli siku nzima wakati tatizo liko upande mwingine kabisa.

Nitatumia Zabbix kama mfano kwa sababu ni ya bure, ipo kwenye seva nyingi, na ina njia zote mbili. Ilianzishwa na Alexei Vladishev wa Latvia na ikatolewa kwa leseni huria mwaka 2001. Njia ya kwanza wanaiita pasivu: seva kuu inapiga, inaifuata ejenti kwenye poti 10050, inauliza "load ngapi", inajibiwa. Njia ya pili ni aktivu: ejenti ndo inapiga, inaifuata seva kuu kwenye poti 10051, inaomba orodha ya vitu vya kupima, halafu inapima na kutuma yenyewe. Ukishaelewa hayo, faili la /etc/zabbix/zabbix_agentd.conf linakuwa jepesi (kama umeweka ejenti ya pili ile iliyoandikwa kwa Go, faili ni zabbix_agent2.conf) maana mistari inayohitajika kuanza ni mitatu tu:

Server=192.0.2.10
ServerActive=192.0.2.10
Hostname=web-01

Hapo 192.0.2.10 ni anwani ya seva kuu na web-01 ni jina la mashine yenye ejenti. Mstari wa kwanza ndo unaochanganya watu, wanadhani ni anwani ya mahali pa kutuma data. Hapana. Server ni orodha ya wanaoruhusiwa kuiuliza ejenti, yaani akija mtu mwingine mwenye anwani isiyo kwenye orodha anafungiwa hapo hapo. Kutuma kunahusika na ServerActive. Na kama seva kuu iko nyuma ya NAT (ruta inayobadilisha anwani za ndani kuwa nyingine ikitoka nje), anwani ambayo ejenti inaiona sio ile unayoijua wewe, ndo unakuta umeandika sawasawa lakini bado inakataa. Fungua logi, /var/log/zabbix/zabbix_agentd.log, itakuandikia anwani iliyokuja kugonga ikakataliwa na anwani zilizoruhusiwa, unalinganisha umemaliza.

Hostname ndo mstari unaoleta yale mauzauza ya nusu data. Jina hilo lazima lifanane na jina uliloisajilia mashine kwenye seva kuu, herufi kwa herufi, kubwa na ndogo zinahesabika. Lakini linatumika kwenye njia ya aktivu tu, kwenye pasivu seva kuu inaifuata mashine kwa anwani yake haijali inajiitaje. Kwa hiyo ukikosea jina utaona grafu zingine zinakuja vizuri na zingine ziko tupu, na mtu anaapa kwamba ejenti inafanya kazi kwa sababu load anaiona. Pia faili linalokuja na paketi huwa limeshaandikwa Hostname=Zabbix server, ukiliacha hivyo mashine yako inajitambulisha kwa jina la seva kuu yenyewe, na ukifanya hivyo kwenye mashine kadhaa data zinachanganyikana vibaya.

Ukishaandika, systemctl enable --now zabbix-agent ili iwake sasa na iwake pia mashine ikizimwa na kuwashwa, na kama ilikuwa imeshawaka uirestati, maana kuhariri faili peke yake hakubadilishi kitu. Kisha usikimbilie kwenye grafu, anza karibu uende mbali. Kwenye mashine yenyewe zabbix_agentd -t agent.ping ikupe 1. Halafu ss -ltnp uone kuna kitu kinasikiliza poti 10050. Halafu nenda kwenye seva kuu upige zabbix_get -s 192.0.2.25 -k agent.ping, hiyo 192.0.2.25 ni anwani ya mashine yenye ejenti, nako ukipata 1 njia ya pasivu ipo sawa.

Usipoipata, angalia inavyokosekana, maana kila kukosa kuna maana yake. Ikikataliwa papo hapo mara nyingi hakuna kinachosikiliza kwenye poti hiyo, ejenti imelala au inasikiliza 127.0.0.1 peke yake. Ikining'inia mpaka muda unaisha, kuna fayawoli njiani inazitupa paketi kimya kimya, na kama mashine iko kwenye klaudi kumbuka kuna fayawoli mbili, ya Linux yenyewe na ile ya mtoa huduma kwenye paneli yake. Ikiunganika halafu ikakatwa mara moja bila jibu, rudi kwenye mstari wa Server.

Upi uchague kati ya pasivu na aktivu? Mimi kwa mashine zilizo nyuma ya NAT au za mteja ambaye hataki kufungua poti ya kuingilia, naenda aktivu bila kufikiri mara mbili, hufungui kitu upande wa mashine, unafungua 10051 kwenye seva kuu basi. Mashine zilizo kwenye mtandao mmoja pasivu inatosha na ni rahisi kuipima. Prometheus, mfumo mwingine wa monitaringi, kwa kawaida inakwenda yenyewe kuchukua, node_exporter (ejenti yake ya Linux) inaweka namba zake kama maandishi ya kawaida kwenye poti 9100 na Prometheus inazifuata kila baada ya muda. Ila jua kwamba node_exporter ukiiwasha hivi hivi haina paswedi na inasikiliza kwenye anwani zote za mashine, kwa hiyo ikiwa na anwani ya hadharani mtu yeyote anasoma kerneli yako ni toleo gani na diski zako zinaitwaje. Ifungie kwa fayawoli siku hiyo hiyo.

Ruhusa nazo zinakwamisha watu. Ejenti inaendeshwa na yuza anayeitwa zabbix, sio ruti (yuza mwenye mamlaka yote), na iache hivyo hivyo, usiipe uruti ili tu kitu kimoja kifanye kazi. Tuseme unataka kujua bakapu ya mwisho ni ya lini, unaongeza mstari wako mwenyewe:

UserParameter=bakapu.muda,stat -c %Y /srv/bakapu/mwisho.tar.gz

Ukiijaribu ukiwa ruti inakubali, ejenti ikiijaribu inagoma, kwa sababu folda haisomeki kwa yuza zabbix. Kwa hiyo jaribu kwa macho ya ejenti, sudo -u zabbix halafu komandi yako, utaona kosa lenyewe. Na komandi iwe ya haraka, muda wa kusubiri ejenti inaokuja nao ni sekunde 3, ukiweka komandi inayopekua diski nzima hutapata jibu. Ile system.run inayoruhusu seva kuu kuendesha komandi yoyote kwenye mashine imefungwa tangu mwanzo kwenye matoleo ya sasa, iache imefungwa, maana mtu akiiteka seva kuu anakuwa ameziteka mashine zote kwa mkupuo.

Data ikipita kwenye intaneti isimbwe. Tengeneza ufunguo kwa openssl rand -hex 32, uweke kwenye faili ambalo yuza zabbix anaweza kulisoma na yuza wengine hawawezi, kisha kwenye konfigi ya ejenti andika TLSConnect=psk (psk ni ufunguo wa pamoja wa pande zote mbili) kwa ajili ya aktivu, TLSAccept=psk kwa ajili ya pasivu, TLSPSKFile ielekee kwenye faili na TLSPSKIdentity ni jina la ufunguo. Hilo jina linasafiri bila kusimbwa kwa hiyo usiweke siri ndani yake. Jina na ufunguo ule ule unauingiza pia kwenye seva kuu.

Limebaki moja ambalo linasahaulika sana, ejenti ikinyamaza nani atasema? Kwenye pasivu seva kuu yenyewe inagundua kwamba inapiga haijibiwi. Kwenye aktivu mashine ikifa data zinaacha tu kuja, na kama hujaweka trigga (sharti la kutoa tahadhari) ya kukosekana kwa data unaweza kubaki na grafu iliyoganda huku unadhani mambo ni shwari. Weka nodata(/web-01/agent.ping,5m)=1 kwenye seva kuu, halafu izime ejenti kwa makusudi, systemctl stop zabbix-agent, usubiri zaidi ya hizo dakika 5 uone kama meseji inakufikia kwenye simu. Isipofika kagua trigga na njia ya kutumia meseji kabla hujahamia kwenye mashine inayofuata, na usisahau kuiwasha ejenti tena.