Kidonda cha duodeni kinachotoa damu: adrenalini peke yake haitoshi

Bado ninapokea barua za rufaa na ripoti za kamera (endoskopi, yaani mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni hadi tumboni) zilizoandikwa hivi: "Kidonda cha duodeni kinatoa damu, kimechomwa adrenalini, damu imesimama." Sentensi hiyo inanitia wasiwasi kuliko inavyonipa faraja, na ningependa madaktari na wauguzi wa Nyanda za Juu Kusini waelewe sababu. Damu iliyosimamishwa kwa adrenalini tu imesimama kwa muda. Kazi haijaisha.

Duodeni ni kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba, urefu wake sentimita 25 hivi. Mwanzo wake, mara tu ukivuka pailorasi, yaani mlango wa kutokea tumboni, ni balbu, sehemu ya sentimita 5 ambako vidonda vingi vya duodeni hukaa. Kidonda cha ukuta wa mbele kikichimba sana hutoboka, na mgonjwa huyo ni wa daktari wa upasuaji. Ukuta wa nyuma una jirani mwingine: ateri ya gastroduodeni inapita hapo hapo nyuma yake. Kidonda kikichimba kuelekea huko kinaifikia ateri, na damu inayotoka si ya kuchuruzika. Kwa hiyo ukiniambia kidonda kiko ukuta wa nyuma na upana wake unazidi sentimita 2, ninampigia daktari wa upasuaji kabla sijagusa mrija. Hapo ndipo matibabu yetu hushindwa mara nyingi.

Kabla ya kamera

Sehemu kubwa ya matokeo huamuliwa kabla mgonjwa hajafika chumba cha endoskopi, na kwa ukanda wetu hiyo ina maana ya hospitali ya wilaya au kituo cha afya alikopokelewa. Kutoka Tunduma hadi Mbeya mjini ni kilomita kama 100, kutoka Sumbawanga ni zaidi ya 300. Habari njema ni kwamba muda upo. Kinachotakiwa ni kamera ndani ya saa 24. Utafiti wa Hong Kong uliochapishwa mwaka 2020 ulilinganisha kamera ya ndani ya saa 6 na ile ya kati ya saa 6 na 24 baada ya kumwona mtaalamu, na kukimbilia ile ya mapema hakukupunguza vifo. Tumieni saa hizo kumjaza mgonjwa maji na damu. Kumpakia kwenye gari presha ikiwa 70 ili "awahi kamera" ni kumhatarisha.

Wekeni kanula mbili kubwa, za kijivu au za kijani, mkono mmoja mmoja. Anzeni na Ringa laktati au salaini huku damu ikipimwa kundi na kuoanishwa. Msidanganywe na kipimo cha kwanza cha hemoglobini: mtu aliyepoteza damu saa moja iliyopita anaweza kusoma gramu 12 kwa desilita, kwa kuwa damu iliyobaki haijachanganyika na maji ya kutosha. Mapigo yaliyozidi 100 na presha ya juu iliyoshuka chini ya 100 vinasema ukweli mapema zaidi. Kuongeza damu huanzia hemoglobini ikiwa chini ya gramu 7, au 8 kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Anayemwagika damu mbele ya macho yenu hasubiri namba. Baada ya hapo msimjaze kupita kiasi, hasa kama huenda chanzo ni mishipa ya koo la chakula iliyovimba kwa ugonjwa wa ini au kichocho cha tumbo, maana presha ikipanda huko damu hufumuka upya.

Omeprazo ya mshipa, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, miligramu 80 kwa mkupuo, itolewe mara moja. Damu haigandi vizuri kwenye asidi, na pepsini, kimeng'enya cha tumbo, humeng'enya bonge lililokwisha kuganda. Bonge linahitaji pH ipande juu ya 6 ili lidumu. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia bonge la damu lisiyeyuke, acheni. Utafiti wa HALT-IT wa mwaka 2020, wenye wagonjwa 12,009 katika nchi 15, ulionyesha kwamba haipunguzi vifo kwa wanaotokwa damu tumboni, bali huongeza damu kuganda ndani ya vena na degedege. Kuosha tumbo kwa maji ya barafu nako kumepitwa na wakati.

Jambo moja ambalo vitabu vya kwingine havilitilii mkazo: baridi. Mwili uliopoa hugandisha damu vibaya. Gari la wagonjwa linalotoka Makete au Njombe usiku wa Juni au Julai, mgonjwa amefunikwa khanga moja na dripu iko baridi, linamleta mtu ambaye damu yake imeshindwa kuganda njiani. Mablanketi mawili na chupa za dripu zilizopashwa moto wa kiasi ni sehemu ya matibabu kama ilivyo omeprazo.

Kama mnayo erithromaisini ya mshipa, miligramu 250 zikiingia kwa nusu saa, kisha kamera kati ya dakika 30 na 90 baadaye, tumbo huwa limejisukuma na kutoa mabonge. Tofauti ya kuona ni kubwa mno. Metoklopramidi ndiyo tuliyo nayo sehemu nyingi, lakini ushahidi wake ni hafifu.

Ndani ya balbu

Anayetapika damu nyingi au asiyejitambua vizuri awekewe mrija wa hewa na mtaalamu wa usingizi kwanza. Wengine hulala ubavu wa kushoto, ganzi ya koo, midazolamu (dawa ya kutuliza) kidogo kidogo. Oksijeni iwepo tangu mwanzo: Mbeya iko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na akiba ya oksijeni ya mgonjwa wetu ni ndogo kuliko ya mgonjwa wa Dar es Salaam.

Ukivuka pailorasi mrija una tabia ya kuruka ghafla hadi sehemu ya pili ya duodeni, na kidonda kilichoko nyuma tu ya mlango unakipita bila kukiona. Rudi nyuma polepole ukiwa umeingiza hewa, tazama pande zote nne, kisha kona ya juu ambako balbu inapinda. Utumbo ukicheza sana, hayosini butilibromaidi miligramu 20 kwenye mshipa hutuliza, ila asiwe na glakoma wala mapigo yanayokimbia kwa ugonjwa wa moyo. Kifuniko cha plastiki angavu kwenye ncha ya mrija husaidia kuusogeza mkunjo ukaona kidonda uso kwa uso badala ya kukitazama kwa pembeni.

Halafu kipange kidonda kwa ngazi za Forrest, kwa sababu ndizo zinazoamua kama utagusa au utaacha. Damu inayoruka ni Ia, inayochuruzika ni Ib. Mshipa unaoonekana bila kutoa damu ni IIa. Bonge lililong'ang'ania ni IIb, doa bapa jeusi ni IIc, kidonda safi ni III. Bila matibabu ya kamera, vidonda vinavyotoa damu wakati ule hurudia au huendelea kwa asilimia 55 hivi, mshipa unaoonekana 43, bonge 22, doa 10, kidonda safi 5. IIc na III usivichome kitu. Aliye na kidonda safi na hali tulivu anaweza kula siku hiyo hiyo na kurudi nyumbani mapema.

Sasa adrenalini. Ampuli ya miligramu 1 kwa mililita 1 changanya na salaini mililita 9, upate moja kwa 10,000. Jaza mrija wa sindano mpaka tone litokee nchani, la sivyo mchomo wa kwanza utakuwa wa hewa. Toa sindano nje ya ala yake pale tu unapoiona ncha kwenye picha, maana sindano iliyochomoza ndani ya mrija hutoboa njia ya vifaa, na matengenezo yake yanaweza kufunga huduma kwa miezi. Choma pande nne kuzunguka mshipa, milimita 2 hadi 3 kutoka ulipo, mililita 0.5 hadi 2 kila mahali. Tishu inatakiwa ivimbe na kupauka. Isipovimba, ama uko nje kwenye uwazi wa utumbo ama umepita ukuta. Ukikuta kovu gumu dawa hukataa kuingia. Sogea pembeni kwenye tishu laini.

Inavyofanya kazi ndiyo inayoeleza udhaifu wake. Ule uvimbe wa maji unaubana mshipa, na dawa yenyewe inausinyaza. Maji hufyonzwa, dawa huisha nguvu, na baada ya saa chache ateri iko vile vile ilivyokuwa, tundu lake wazi, bonge dogo tu likiizuia. Adrenalini inakupa dakika 20 za kuona vizuri. Zitumie kufunga mshipa kwa njia ya pili.

Njia ya pili ni klipu (kibanio kidogo cha chuma kinachoachwa kikiubana mshipa) au joto. Matokeo yake yanakaribiana, na mahali pa kidonda ndipo panapoamua. Mimi huanza na klipu kama ninakiona kidonda uso kwa uso na chini yake ni laini, kwa sababu klipu haichomi ukuta, na ukuta wa duodeni ni mwembamba. Fungua klipu, iweke mshipa katikati ya meno yake, sukuma kwa nguvu, fyonza hewa kidogo ili tishu ijikusanye ndani ya meno, ndipo mwuguzi afunge. Afunge polepole, na asiiachie mpaka umeridhika, kama ni aina inayofunguka tena. Ateri ina pande mbili, hivyo mara nyingi klipu moja haitoshi. Inapoharibika huharibika hivi: mrija umepinda sana kwenye balbu na klipu inagoma kufunguka (unyooshe mrija, ifungulie klipu tumboni, kisha rudi nayo), au kitako cha kidonda ni kovu gumu na meno yanateleza. Ukikuta kovu gumu usipoteze klipu tatu kwa ubishi. Hamia kwenye joto.

Kwa joto la umeme la ncha mbili, bana mshipa kwanza kwa ncha ya kifaa hadi damu isimame, ndipo upitishe umeme wati 15 kwa sekunde 8 hadi 10. Rudia mpaka mshipa ulale na kuwa mweupe. Kubana ndiko kunakogandisha kuta mbili za ateri pamoja. Umeme bila kubana huchoma uso tu. Kabla ya kunyanyua kifaa mwagia maji, kisibanduke na bonge lote. Angalieni pia ukubwa: kifaa cha Frenchi 10 (Frenchi ni kipimo cha unene wa mirija) hakipiti kwenye njia ya milimita 2.8, ambayo ndiyo iliyoko kwenye mrija wa kawaida. Kinahitaji mrija wenye njia ya 3.7. Cha Frenchi 7 kinapita. Nunueni mkijua mrija mlio nao.

Bonge lililong'ang'ania ndilo linalowagawa wataalamu. Mimi huliosha kwa maji kwa dakika kama tano. Likikataa, na kama damu ya kuongeza ipo na klipu zipo mezani, ninachoma adrenalini kuzunguka shina, nalikata kwa kitanzi bila umeme hadi kibaki kishina cha milimita 3 au 4, kisha natibu kilichofichika chini yake. Kama damu haipo benki, ninaliacha na kutegemea omeprazo. Kulifumua bonge bila uniti hata moja ya damu ni uamuzi ninaoukataa waziwazi.

Na kama hospitali ina sindano tu, bila klipu wala joto? Ongeza kiasi: mililita 13 hadi 20 kwa jumla hupunguza kurudia kuliko mililita 5 hadi 10, huku ukitazama mapigo na presha. Alkoholi halisi inafunga mshipa kweli, lakini kwa matone, mililita 0.1 hadi 0.2 kwa mchomo na jumla isizidi 1, kwani huua tishu na inaweza kutoboa ukuta. Kisha andika kwenye ripoti, kwa herufi kubwa, kwamba njia ya pili haijafanyika, na panga rufaa mgonjwa akiwa bado ametulia.

Umeme ukikatika katikati ya kazi hakuna mwanga wala picha. UPS (betri ya akiba) ya kuhimili mashine kwa dakika 20 si anasa.

Siku tatu zinazofuata

Wengi wanaorudia kutokwa damu hurudia ndani ya saa 72. Kwa walio na Ia, Ib, IIa au IIb iliyotibiwa, omeprazo iendelee miligramu 8 kwa saa kwa muda huo wote. Pampu ikikosekana, miligramu 40 mara mbili hadi nne kwa siku baada ya ile 80 ya mwanzo ni mbadala unaokubalika. Akirudia, rudia kamera mara moja. Ikishindwa mara ya pili, pale pasipo na wataalamu wa kuziba ateri kwa katheta, ni chumba cha upasuaji, kufungua balbu na kuishona ateri, na usiku si sababu ya kusubiri asubuhi.

Diklofenaki, aibuprofeni na dawa za "maumivu ya mgongo" zinazouzwa bila cheti zikome. Mwenye asprini kwa ajili ya moyo aliyewahi kupata shambulio la moyo au kiharusi asiachishwe kabisa: irudi ndani ya siku 3 baada ya damu kusimama, pamoja na omeprazo. Pilipili, maharage na ulanzi si vyanzo vya kidonda hiki, ingawa pombe tumboni humo haina msaada.

Helikobakta, bakteria wa tumboni anayesababisha vidonda, lazima atafutwe na kutibiwa. Kipimo kikitoka hasi wakati damu inatoka, usikiamini; rudia baadaye. Dozi ni ya siku 14: omeprazo miligramu 20, amoksisilini gramu 1 na klarithromaisini miligramu 500, kila moja mara mbili kwa siku, kama mgonjwa hana mzio wa penisilini na hajawahi kutumia klarithromaisini. Wiki 4 au zaidi baada ya dozi, omeprazo ikiwa imesimama wiki 2, pima antijeni kwenye choo kuhakikisha bakteria wamekwisha. Kile kipimo cha damu cha dakika kumi kisitumike hapa. Kinasoma kingamwili, na kingamwili hubaki mwilini miezi mingi baada ya kupona, ndiyo maana tunakutana na watu waliopewa dozi hiyo hiyo mara tatu kwa bakteria ambaye alishaondoka.