Wimbi linalochagua pa kuacha joto

Nikisema kazi yangu ni kupasha moto plazima (gesi yenye joto kali hadi elektroni zimebanduka kwenye atomi zake) kwa mawimbi ya redio, watu huniuliza: kama maikrowevu ya jikoni? Undugu upo. Lakini maikrowevu haichagui tonge lipi lipate moto, sisi tunachagua.

Plazima ya tokamaki, mtambo wa umbo la pete unaoishika kwa sumaku, hupitishiwa umeme, nao huipasha kama waya wa jiko. Tatizo ni kwamba inavyozidi kupata joto ndivyo ukinzani wake unavyopungua, mwisho umeme unapita bila kuacha joto la maana. Na safari bado ndefu: myeyungano, yaani kuunganisha viini vya duteri na triti (aina mbili za hidrojeni nzito) ili kupata nishati, unataka nyuzijoto kama milioni 150.

Hapo ndipo wimbi linapoingia. Elektroni iliyonaswa na sumaku ya tesla 1 huzunguka mara bilioni 28 kwa sekunde. Wimbi likienda kwa mwendo huohuo, linaisukuma kila mzunguko, kama mtoto kwenye bembea ya Idi anavyosukumwa kila anaporudi. Majira yakipishana, hakuna kitu.

Sasa sikiliza utamu wake. Nguvu ya sumaku ndani ya tokamaki hupungua kadiri unavyotoka katikati ya mtambo kwenda nje. Kwa hiyo wimbi la gigahezi 170 (mara bilioni 170 kwa sekunde), lililochaguliwa kwa ajili ya ITER, tokamaki kubwa inayojengwa kule Ufaransa, hupatana na elektroni za ukanda mwembamba tu. Kwingine linapita zake. Ukigeuza kioo cha kuliongoza, joto linahama.

Wimbi hilo hutoka kwenye jirotroni, bomba la kuzalisha mawimbi, kwa nguvu ya megawati nzima, kupitia dirisha la almasi iliyooteshwa maabara, unene wake haufiki milimita 2. Mara ya kwanza nilipokishika kisahani hicho kilikuwa baridi kama barafu, kwa jinsi kilivyokuwa kikinyonya joto la vidole vyangu. Ndiyo maana kinavumilia. Kioo cha kawaida kingepasuka.

Ninachokipenda zaidi si kupasha, ni kutibu. Wakati mwingine mistari ya sumaku hukatika na kujiunga upya, vikazuka visiwa ambamo joto huvuja. Kisiwa kikikua, plazima nzima yaweza kuzimika. Kinakua kwa sababu mkondo wa umeme ndani yake umepungua. Kwenye ASDEX Upgrade, mtambo wa Garching, Ujerumani, mwale huelekezwa palepale kisiwani, ukaurudisha mkondo uliokosekana. Kisiwa kinanywea, na plazima inaendelea kuwaka.