Kwa nini injini hutema oili hata ikifungwa sili mpya?

Gari linaingia gereji, oili inachuruzika nyuma ya puli ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Fundi anachomoa sili ya zamani, ile pete ya kuzuia oili isitoke, anagonga mpya, mteja analipa na kuondoka. Wiki mbili hazijaisha, doa jeusi limerudi palepale. Sili inatukanwa kuwa ni feki. Wakati mwingine ni feki kweli, maana madukani zimejaa. Lakini kuna kipira kimoja chembamba juu ya injini ambacho karibu hakuna anayekigusa, na mara nyingi kesi iko huko.

Krenkikesi ni lile bodi la chini la injini ambamo krenki huzunguka, na sampu, yaani bakuli la oili, imefungwa chini yake. Ukidhani mle ndani mna oili tu, umekosea. Mna upepo pia. Petroli ikiwaka juu ya pistoni, msukumo hupanda makumi ya mara kuliko wa hewa ya kawaida, na ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, haziwezi kuuzuia wote. Ringi yenyewe si duara kamili. Imekatwa makusudi, na ikishakaa ndani ya silinda hubaki mwanya mdogo, kwa injini nyingi ndogo haufiki nusu milimita, ili ikipata moto itanuke bila kukwama. Basi hata injini iliyotoka kiwandani jana hupitisha moshi kidogo kwenda chini. Usipopata njia, moshi huo hujitafutia: kwenye sili ya krenki, kwenye gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), na dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, nayo huweza kurushwa ikatoka mahali pake.

Magari ya zamani yalikuwa na bomba lililoning'inia chini, upepo wa mwendo ukifyonza moshi na kuumwaga barabarani. Likisimama kwenye foleni, hakuna cha kufyonza. California, iliyokuwa imechoshwa na ukungu mchafu wa Los Angeles, ilianza na magari mapya ya mwaka 1961: moshi wa krenkikesi urudishwe kwenye injini ukaungue. Marekani yote ikafuata 1963.

Anayesimamia kazi hiyo ni vali ndogo inayoitwa PCV, inayoweza kuenea kiganjani, nayo hukaa kwenye kile kipira chembamba cha juu ya injini. Ndani yake mna kipini na springi, basi. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, manifoldi (njia ya kuingizia hewa kwenye injini) hufyonza kwa nguvu, kipini huvutwa na kubana njia ili hewa isizidi. Ukikanyaga mafuta, mvuto hupungua, springi hufungua njia. Injini ikipiga kombora, moto ukarudi nyuma kwenye manifoldi, vali hufunga kabisa, moto usishuke kwenye oili.

Kinachoiziba vali hii, moshi ukakosa njia, ni tope. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, kwa umbo la mvuke. Gari la kwenda sokoni na kurudi halipati moto wa kutosha kuukausha, kwa hiyo maji hukorogana na oili na kuacha utando wa rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko cha oili. Wengi wakiuona hukimbilia kusema gasketi ya silinda hedi imekufa. Inawezekana, ila angalia kwanza kama maji ya rejeta yanapungua.

Kujua kama vali imeziba si kazi. Kwenye gari la petroli, washa injini, iache sailensa, fungua kifuniko cha oili na uweke kipande cha karatasi juu ya tundu. Kikivutwa taratibu, mambo ni shwari. Kikipeperuka, chomoa vali uitikise: nyingi zikiwa nzima hulia kwa ndani, iliyoziba ni bubu. Badilisha pamoja na mpira wake, kwa sababu mpira uliokakamaa hupasuka ukiguswa tu. Na ukibadilisha vyote viwili karatasi bado inapeperuka, weka sili chini. Hapo pima kompresheni, yaani msukumo ndani ya silinda, huenda ringi ndizo zimechoka.