Ngoma za Afrika Magharibi zina wenyewe

Video ya ngoma ya Zaouli imezunguka kwenye simu za watu wengi: mtu amevaa kinyago cha rangi, kifua kimetulia, miguu inakwenda kwa kasi ambayo jicho halishiki. Maelezo yake huwa ni yale yale, kwamba hii ni ngoma ya kale, ya mizimu, ngumu kuliko zote duniani. Waguro wa Côte d'Ivoire, ambao ndio wenye ngoma, mara nyingi hata hawatajwi. Jambo hili linaniuma, maana ngoma ikishakosa mwenyewe, kila mtu huisemea atakavyo. Hizi hapa ni dhana tano potofu zinazosemwa juu ya ngoma za Afrika Magharibi.

Dhana: Ni ngoma za tangu enzi, hazina mtunzi wala umri

Zaouli haijafikisha hata miaka mia. Ilizuka miaka ya 1950 katika vijiji vya Waguro, maeneo ya Bouaflé na Zuénoula, na inachosifu ni uzuri wa mwanamke. Ina aina saba za vinyago, kila aina na hadithi yake. Nyuma ya mchezaji mmoja unayemwona kuna mchongaji, mfumaji wa vazi, wapiga ngoma na filimbi, waimbaji na wazee wa kijiji. Vijiji hushindana, na chipukizi hufunzwa na wajuzi. Mwaka 2017 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na ujana wake haukuwa kizuizi.

Kpanlogo ni changa zaidi. Waliianzisha vijana wa Waga, wenyeji wa jiji la Accra, Ghana, mapema miaka ya 1960, na anayetajwa kuwa mwanzilishi ni Otoo Lincoln. Walichukua ngoma za wakubwa wao, zikiwemo kolomashie na gome, wakatia humo highlife, muziki wa dansi wa Ghana, na rock and roll zilizokuwa zikivuma mjini. Kwa jinsi viuno vilivyokatwa, wakubwa waliiona ya kihuni na wapo waliotaka izuiwe. Leo ndiyo inayofundishwa kwa wageni kama urithi wa Waga, na ni sawa kabisa, kwa sababu ni yao.

Hiyo gome nayo ina safari ndefu. Mwaka 1800 Wamaroon wa Jamaika, wazao wa watumwa waliotoroka mashambani, walifikishwa Freetown, Sierra Leone, wakiwa na ngoma yao ya gumbe. Ikaenea pwani hadi pwani, ikachukuliwa na maseremala na wahunzi waliokwenda kutafuta kazi ng'ambo, na Waga waliorudi kutoka Kongo na kisiwa cha Fernando Po (leo Bioko) wakaingia nayo Accra, ikaitwa gome. Ni ngoma ya sanduku: mpigaji huikalia na kubadilisha sauti yake kwa kisigino. Kilichovuka Atlantiki na watumwa kilirudi kikiwa kimebadilika, kikapokelewa kama ndugu.

Dhana: Vinyago ni uchawi

Chukua Gelede ya Wayoruba wa Nigeria, Benin na Togo. Huchezwa baada ya mavuno, na pia ukame au maradhi ya mlipuko yanapoingia. Wanaume huvaa vinyago vya kike na kucheza kwa heshima ya Iya Nla, Mama Mkuu, pamoja na akina mama wote. Ni kweli kwamba Gelede inazungumzia nguvu za siri za wanawake. Lakini lengo lake ni kuwatukuza na kuwatuliza ili nguvu hizo ziijenge jamii, hakuna anayerogwa pale. Usiku wa kuamkia ngoma yenyewe, mwimbaji wa Efe, sehemu ya usiku ya Gelede, huwasema hadharani wanaokosea katika mji. Anayeiita kazi hiyo uchawi hajasikiliza nyimbo zake.

Dhana: Mchezaji anafuata mdundo tu, mwili ukimpeleka

Nenda kwenye matanga ya Waashanti, Ghana, uitazame Adowa. Miguu inakwenda taratibu. Maneno yote yako mikononi. Mikono ikiinuliwa juu, mchezaji anasema anamtazamia Mungu. Kidole cha shahada kikigusa kichwa, jambo hili linahitaji kufikiriwa. Akizungusha mikono kuelekea kifuani kisha akaunyoosha wa kulia sambamba na pigo la mwisho, anatangaza kwamba hata akifungwa kamba atazikata. Waliokaa pembeni wanasoma kila ishara, na mchezaji asiyeijua lugha hiyo anaweza kumwudhi mfiwa bila kutaka.

Agbadza ya Waewe wa Ghana na Togo ilitokana na Atrikpui, ngoma ya vita. Siku hizi inachezwa harusini, msibani na kwenye sherehe, na mchezaji husikiliza ngoma kuu ajue abadilishe hatua wakati gani.

Dhana: Ngoma ya Afrika Magharibi ni djembe

Djembe, ngoma ya kupigwa kwa viganja, ni ya Wamande wa Guinea, Mali na majirani zao, na asili yake inahusishwa na wahunzi. Waashanti wana atumpan, Waewe wana atsimevu, Wayoruba wana bata, Wawolof wa Senegal wana sabar, inayopigwa kwa fimbo mkono mmoja na kiganja kitupu mkono wa pili.

Sifa ya djembe duniani ilibebwa na majukwaa. Fodéba Keïta wa Guinea alianzisha Les Ballets Africains jijini Paris mapema miaka ya 1950, na nchi yake ilipopata uhuru mwaka 1958 kundi hilo likawa la taifa. Ghana nayo ilianzisha kundi lake katika chuo kikuu cha Legon mwaka 1962, likilelewa na J. H. Kwabena Nketia na Mawere Opoku. Jukwaani, ngoma ya usiku kucha hupunguzwa ikawa ya dakika chache na duara hufunguka liwaelekee watazamaji. Mimi siiti hiyo bandia. Ni sanaa yenye mabingwa wake, ila asiyeona nyingine asidhani ameiona ngoma ya kijijini.

Dhana: Kupiga ni kwa wanaume, kucheza ni kwa wanawake

Wanaume ndio wachezaji wa Bamaya ya Wadagomba, kaskazini mwa Ghana, nao huvaa sketi. Senegal, wapiga sabar walikuwa kweli wanaume, hadi Doudou Ndiaye Rose, bingwa aliyefariki mwaka 2015, alipounda kundi la wanawake watupu, Les Rosettes. Waliozishika fimbo ni mabinti zake na wakwe zake.